Tushindane Katika Kutoa, Tupatane Katika Kujenga

Masomo: Nehemia 2 hadi 6, 1 Wafalme 5:13-14 na 12:18, Luka 14:28-30.



Kila siku ya yenga, wakati wa nsinsani, tunaona furaha ya Mungu ikishuka kati yetu. Wababa wanapita na toleo lao, wamama wanawajibu, vijana wanasema hawatabaki nyuma. Fanfari inapiga, hesabu inatangazwa, na kundi lililobaki nyuma linarudi mfukoni mara ya pili na ya tatu. Hakuna anayelazimishwa. Tunashindana tukicheka, na feza ya Bwana inaongezeka. Hiyo ni desturi nzuri tuliyoachiwa na wazee wetu wa imani, na asiwepo mtu wa kuidharau.

Lakini feza ikiisha kuhesabiwa na kufungwa ndani ya kitambaa, inabaki swali moja ambalo fanfari haiwezi kulijibu. Feza hii itageuka ukuta siku gani? Kwa mikono ya nani? Na yule atakayeleta mawe amesikilizana na yule atakayeleta mchanga? Juu ya swali hilo ninataka tutafakari pamoja, kwa sababu tunajiandaa kujenga, na ni vizuri kuuliza kabla ya kuchimba.

1. Feza ya mjane iliyogeuka jiwe

Katika mji wetu palikuwa na shantie moja ya nyumba ya maombi. Haina faida kusema ni ya nani. Waamini walitoa kwa moyo. Wajane waliouza makala na sombe waliweka franka zao. Kamati ikanunua simenti mapema, ikiogopa bei kupanda. Ilikuwa mwezi wa tisa.

Wale wa mchanga walikuwa wanangojea wale wa mawe. Wale wa mawe walikuwa wanangojea kuambiwa msingi utakuwa na upana gani. Fundi aliyejua upana alikuwa amepata kazi nyingine upande wa Himbi, kwa maana hakuna aliyemwambia aanze siku gani. Simenti ikabaki chini kwenye udongo, katika chumba kinachovuja. Mvua ya mwezi wa kumi ikapita, na ya mwezi wa kumi na moja. Siku walipofungua mifuko, walikuta mawe yenye umbo la mfuko.

Hakuna aliyeiba, ndugu zangu, na hapo ndipo penye uchungu. Kama mwizi angekuwepo, angekamatwa, watu wangelia na kusamehe. Lakini hakukuwa na mwizi, na feza ya mjane ilikuwa imepotea. Kiisha hapo maneno yakaanza. Huyu akasema kamati imekula. Yule akasema wamama wanapenda kusema. Jamaa zilizokuwa zikikaa kwenye benchi moja ziliacha kusalimiana, na wengine hawakurudi tena kuomba. Ile simenti haikuharibika peke yake. Iliharibu pia nyumba ya mioyo, ambayo ni ngumu kujenga kuliko ile ya mawe.

Bwana Yesu alitufundisha katika Luka 14 juu ya mtu anayetaka kujenga mnara: aketi kwanza, apige hesabu, asije akaweka msingi na kushindwa kumaliza, na watu wakamcheka. Tuangalie neno lile la kuketi. Wengi wetu tunajua kusimama na kutoa. Kuketi na kusikilizana ndiko kunakotushinda.

2. Nehemia aliulizwa tarehe

Nehemia alipopata ruhusa ya kwenda Yerusalemu, mfalme alimwuliza safari itachukua muda gani na atarudi lini. Naye akampa wakati (Nehemia 2:6). Hakusema "Mungu akipenda tutaona." Alikuwa mtu wa maombi, alikuwa amefunga na kulia mbele za Mungu, lakini alipoulizwa tarehe alikuwa nayo. Na papo hapo akaomba barua kwa Asafu, mlinzi wa msitu wa mfalme, ili mbao zipatikane. Alijua milango inahitaji mbao, na mbao hazianguki kutoka mbinguni siku fundi anapozihitaji.

Alipofika, hakukusanya watu siku ya kwanza. Alitoka usiku na watu wachache, akazunguka kuta, akaona pale mnyama wake aliposhindwa kupita. Alipojua kazi ilivyo, ndipo aliposema na watu, na watu wenyewe wakajibu kwamba watajenga.

Sura ya 3 wengi tunairuka kwa sababu ina majina mengi. Msiiruke. Ni kalenda ya kazi iliyoandikwa ndani ya Biblia. Kila kipande cha ukuta kina mwenyewe, na jirani yake anatajwa, na jirani wa jirani yake. Kuhani mkuu Eliashibu yupo. Wafua dhahabu wapo, na watengeneza manukato, watu ambao mikono yao haikuzoea mawe. Shalumu yupo pamoja na binti zake (3:12). Wengi walipewa sehemu iliyo mbele ya nyumba zao wenyewe. Mtu atakayelala nyuma ya ukuta ule, je, ataujenga vibaya?

Wapo pia wakuu wa Tekoa waliokataa kuinama kwa kazi (3:5). Lakini watu wa Tekoa wa kawaida hawakungojea wakuu wao. Walimaliza kipande chao na wakachukua cha pili (3:27).

Tena kazi haikwenda bila shida. Wabebaji walichoka, na vifusi vilikuwa vingi (4:10). Adui walitisha, ikabidi nusu washike mikuki na nusu wajenge, na baragumu iwekwe ili ikilia wote wakimbilie mahali pamoja. Katika sura ya 5 maskini walilia kwamba wameweka mashamba na watoto wao rehani kwa ndugu zao. Nehemia hakuwaambia wanyamaze kwa sababu ya kazi. Aliita mkutano, akamaliza neno lile, madeni yakaachiliwa. Ukuta ukakamilika kwa siku 52 (6:15).

Siku 52! Sisi huku tunaweza kumaliza siku 52 tukingojea lori moja la mchanga.

3. Mpango bila mapatano

Mtu mmoja anaweza kusema: basi, wakuu wapange, na sisi tutii. Turudi kwa Sulemani. Yeye naye alikuwa na mpango, na mpango mzuri sana kwa hesabu. Watu 30,000 waligawanywa mara tatu, 10,000 kila mwezi: mwezi mmoja Lebanoni, miezi miwili nyumbani (1 Wafalme 5:13-14). Msimamizi wao alikuwa Adoniramu. Hekalu lilikamilika kwa miaka 7.

Lakini watu wale hawakuulizwa. Walihesabiwa kama mbao zinavyohesabiwa. Sulemani alipokufa, walikuja mbele ya mwana wake Rehoboamu wakalalamika kwamba kongwa limekuwa zito. Hakuwasikiliza. Na alipomtuma msimamizi wa kazi za lazima, watu walimpiga mawe mpaka akafa, na ufalme ukapasuka vipande viwili (12:18). Nyumba ilikuwa imesimama, lakini taifa lilikuwa limebomoka.

Kwa hiyo haitoshi kuwa na kalenda iliyobandikwa ukutani. Kalenda iliyoandikwa na watu wawili ofisini, na wengine wakaisikia siku ya yenga wakati wa matangazo, ni mzigo. Kalenda ambayo kila mmoja alisema ndani yake "mimi nitaweza siku hii" ni agano.

4. Nkamba, na mji wetu wa moto

Sisi tuna ushuhuda wa karibu kuliko Yerusalemu ya Nehemia. Papa Simon Kimbangu alianza kazi yake Nkamba tarehe 6 Aprili 1921. Akakamatwa mwaka ule ule, akafa gerezani Elisabethville tarehe 12 Oktoba 1951, kiisha miaka 30 ya kifungo. Walidhani wameizima. Lakini tangu 1976, wakati wa Papa Joseph Diangienda, waamini walianza kuinua hekalu la Nkamba kwa mikono yao, wakibeba mawe, mchanga na maji vichwani, na tarehe 6 Aprili 1981 likazinduliwa, lenye nafasi ya watu 37,000. Fikirini: watu wengi namna ile, wenye lugha mbalimbali, wanatoka mbali, wanahitaji kula na kulala. Kama kila kundi lingekuja siku lililopenda na kubeba kililopenda, pangejaa mawe na pangekosa maji. Upendo uliwaleta, lakini utaratibu ndio uliofanya mizigo yao ikutane mahali pamoja.

Na sisi wa Goma tunajua kujenga juu ya maumivu. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ilipita katikati ya mji mpaka ziwani, na maelfu ya nyumba yakaungua. Mawe yaliyounguza nyumba zetu ndiyo tunayoyavunja leo kwa nyundo ili yawe msingi. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ulitoa moto tena, na siku ya 27 Mei tuliambiwa tuhame, Mabanga zote mbili pamoja na kartie nyingine. Mnakumbuka barabara ya Sake siku ile: wote saa moja, magari, pikipiki, tshukudu, wamama na watoto mgongoni, hakuna anayeweza kwenda mbele wala kurudi nyuma. Kila mtu alikuwa na haraka ya haki. Lakini haraka za haki elfu nyingi, zisipopangwa, zinafunga njia.

Shantie inafungwa hivyo hivyo. Kila kundi lina bidii, na bidii zote zinagongana mlangoni.

5. Namna ya kuketi

Sasa tufanye nini? Nasema mambo matano.

La kwanza, tuanzie mwisho na kurudi nyuma. Tuchukue mfano. Tunataka manjanja yote yawe yamepigwa tarehe 31 Agosti, kabla ya mvua ya mwezi wa tisa. Basi fundi wa mbao apande juu tarehe 10 Agosti. Ili apande, mkanda wa betoni juu ya ukuta uwe umekauka siku 28, basi umwagwe tarehe 13 Julai. Ili umwagwe, kuta ziishe tarehe 6 Julai, juma moja la kufunga vyuma na mbao za kushikilia betoni. Kuta zikidai majuma 6, zianze tarehe 25 Mei. Kwa hiyo msingi uwe umekwisha siku hiyo, na mawe yaanze kuvunjwa mwezi wa tatu, maana kuvunja mawe hakuogopi mvua. Mnaona? Tukianzia mwanzo, tunasema "tutaanza Mungu akitujalia." Tukianzia mwisho, tunagundua kwamba tumekwisha kuchelewa tayari, na tunaamka.

Hesabu hiyo inatuonyesha pia siku za feza. Tusingojee toleo kubwa mwezi wa tisa, wakati kila mzazi anatafuta daftari na uniforme za watoto. Na tusinunue simenti kabla mchanga haujafika.

La pili, aulizwe anayebeba. Nani anajua bomba la maji linafunguliwa saa ngapi na foleni ina urefu gani? Ni mama na kijana wa bidoni. Betoni ikimwagwa, inahitaji kunyweshwa maji asubuhi na jioni siku nyingi, ama sivyo inapasuka. Mkiandika "maji" kwenye karatasi bila kumwuliza mama, mmeandika ndoto. Mwenye tshukudu aulizwe anaweza kupandisha mizigo mingapi kwa siku moja juu ya mawe ya avenyu yetu. Fundi aulizwe, asiamriwe. Binti za Shalumu waliandikwa kwa majina ya kazi yao. Nasi tusiwaandike wamama kwa chakula cha wafanyakazi tu.

La tatu, neno la ahadi liwe zito. Bwana alifundisha kwamba ndiyo yetu iwe ndiyo, na siyo yetu iwe siyo. Kwenye shantie tunasema "ndiyo" kwa heshima, kwa sababu mzee ameuliza mbele ya watu. Hiyo siyo heshima. Kijana anayesema "Papa, siku ya posho sitaweza, nina mtihani, lakini siku ya tano nitaweza" amemheshimu mzee kuliko yule aliyekubali na asionekane. Wazee wangu, nawaomba kwa unyenyekevu: tupokee "hapana" ya kweli bila kukunja uso. Tukiiadhibu, kesho tutapewa "ndiyo" ya uongo, na ukuta utalipa.

La nne, tuhesabu ahadi kama tunavyohesabu feza. Huko Marekani, miaka ya 1990, wataalamu wawili wa ujenzi, Glenn Ballard na Greg Howell, walihesabu kazi zilizoahidiwa kila juma kwenye shantie za makampuni yenye mashine na maenjenia. Waliona karibu nusu tu ndizo zilizomalizika katika juma lake. Basi wakafundisha kwamba mpango wa juma ufanywe na wale wale watakaoongoza kazi kwa mikono yao, na kila juma waulizane: tuliahidi ngapi, tumetimiza ngapi, na ni kitu gani kilizuia zile nyingine? Waulizane bila kutukanana, wakitafuta sababu. Kama wenye mashine wanahitaji kuketi hivyo, sisi wenye tshukudu tutapona kwa nini tusipoketi?

Kila siku ya posho, kiisha salongo, dakika 30 zitatosha. Kila kundi liseme lililotimiza na lililobaki. Kama mchanga umechelewa, wa ukuta wajue leo, wasije kesho kukaa bure na kula ugali wa kanisa bila kazi.

La tano, taabu ikija, tusimame na kupanga upya pamoja. Mwezi wa kwanza 2025 vita vilipofika mjini, benki zikafunga milango, na bei za vitu zikayumba. Hakuna kalenda iliyoandikwa kabla ya hapo iliyobaki kama ilivyokuwa. Hilo si aibu. Nehemia naye alibadilisha kazi yake adui walipokuja, nusu mikuki, nusu mawe. Lakini alibadilisha mbele ya watu wote, na baragumu ilikuwa inajulikana. Feza isipokaa benki, inakaa mikononi mwa watu. Basi iandikwe, ishikwe na watu zaidi ya mmoja, na inunue kitu karibu na siku yake ya kutumika. Hatusemi hivyo kwa kumshuku mtu. Tunamlinda mwenye kuishika, ili siku ya maneno awe na mashahidi.

6. Upendo, Amri, Kazi

Maneno haya matatu tunayafundisha watoto wetu. Wengi wanayashika la kwanza na la tatu, na kuruka lile la katikati. Upendo unatoa. Kazi inainua. Lakini katikati kuna amri, na kalenda tuliyokubaliana mbele za Mungu ni amri ndogo tuliyojiwekea sisi wenyewe. Mwenye kuivunja bila kusema hakuvunja karatasi. Amemwacha ndugu yake amesimama peke yake kwenye jua, mkononi ana mwiko, na hana mchanga.

Kwa hiyo, wapendwa, tuendelee kushindana katika nsinsani. Wamama wawashinde wababa, vijana wawashinde wote wawili, na Mungu atukuzwe. Lakini tukivuka mlango wa shantie, mashindano yabaki nje. Kundi la mawe likitangulia na kuliacha kundi la maji, halijashinda, limejaza njia tu. Kwenye kujenga, mwenye nguvu anatembea kwa mwendo wa yule anayemngojea.

Siku komite itakapoita makundi kuketi juu ya kalenda, nawaomba kila kundi lisitume msemaji peke yake. Tumeni pia mtu mwenye kubeba. Na ninyi wajane mliotoa, njoni mkae mbele. Ni haki yenu kujua franka yenu itakuwa jiwe gani, upande gani wa ukuta, tarehe ngapi.

Tuombe. Ee Mungu Baba, Mungu Mwana na Mungu Roho Mtakatifu, tumevua viatu mbele yako, mahali ambapo moto ulipita na wewe ukatuacha hai. Tufundishe kuketi pamoja kabla ya kusimama. Upe ulimi wetu ndiyo ya kweli na hapana ya kweli. Linda toleo la maskini lisioze mikononi mwetu. Na siku nyumba yako itakapokamilika, utukute bado tunasalimiana. Amina.

Ni mimi ndugu yenu katika Bwana,
Shemasi, Mabanga, Goma.